Mashine Iliyomkaribisha Shem

Shem Obuya alikufa Jumapili alasiri. Jumanne asubuhi mkewe, Philister, alipanda ngazi za jengo moja la Upper Hill akiwa amebeba kompyuta ya marehemu, ameifunga kwa leso kama abebavyo mtu mtoto mchanga. Ilikuwa Julai ya mwaka 2007, ule mwezi ambao Nairobi huona jua kwa kubahatisha, na leso ilikuwa imelowa manyunyu.

Muthoni, wakili aliyekuwa akimshughulikia Shem, alimwona mlangoni akajua kuna jambo kabla hajaambiwa. Philister alikuwa na saluni yake mtaa wa Satellite, na katika mwaka mzima waliojuana hakuwahi kumwona na nywele zisizosukwa kama asubuhi hiyo.

"Baba Ivyne ametuacha," Philister alisema.

"Ametuacha vipi? Si nimeongea na yeye Ijumaa?"

"Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini vizuri tu, akaegemea kiti. Nikadhani amelala. Nikaendelea kukunja nguo."

Muthoni alizunguka meza akamshika mikono. Ilikuwa baridi. Philister akaitoa mikono yake taratibu, akaanza kufungua leso.

"Aliniambia Ijumaa hii ikipita, kazi yake yote imepotea. Ni kweli?"

Muthoni alitamani kumwambia si wakati wa mambo hayo. Lakini ilikuwa kweli.

Shem alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda barabara ya Luthuli katikati ya jiji, na kwa miaka kadhaa alikuwa akitengeneza kitu chake pembeni: kompyuta isiyofunguliwa kwa neno la siri bali kwa uso wa mwenyewe. Wazo hilo halikuwa geni. Kampuni za ng'ambo zilikuwa zimeshaliombea hataza, ile haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasiuige uvumbuzi wake. Ila mashine zao zilikuwa na aibu moja. Ukiionyesha picha ya mwenyewe, inafunguka. Ya Shem haikufunguka. Siku ya kwanza alipokuja ofisini kwa Muthoni alikuja na picha yake kubwa, na video yake, na hata kinyago cha plasta alichofinyangiwa na rafiki yake. Alivipitisha vyote mbele ya kamera ndogo iliyobanwa juu ya kioo, na vyote vikakataliwa. Kisha akaketi mwenyewe, na maandishi yakajitokeza: *Karibu, Shem.*

"Haitaki sura tu, wakili," alisema akicheka. "Inataka mwenyewe awe ndani."

Inajuaje? Hapo ndipo hakutaka kusema. Aliogopa kuibiwa. Alimwachia Muthoni aandike maombi yote isipokuwa sehemu hiyo moja, akaahidi kuileta mwenyewe siku za mwisho. Na siku za mwisho zilikuwa zimefika, maana sheria humpa mvumbuzi mwaka mmoja tu tangu aonyeshe kazi yake hadharani, na Shem alikuwa ameionyesha kwenye maonyesho Julai iliyopita.

"Iko humu," Philister alisema, akiigonga kompyuta kwa kidole. "Jana rafiki yake wa Luthuli amejaribu kuifungua. Anasema akiilazimisha kila kitu kitafutika. Inataka uso wake."

"Basi hakuna njia, Mama Ivyne."

"Uso wake si uko?"

Muthoni alimtazama asielewe. Kisha akaelewa: uso wa maiti, kule mochari.

"Haiwezi kufunguka," alisema kwa upole. "Kazi yote ya mashine hii ni kumkataa asiye hai. Hilo ndilo dai lenyewe tunalopeleka serikalini."

"Basi itukatae tukiwa huko."

*

Mochari ilikuwa nyuma ya hospitali ndogo ya binafsi, ukishapita Kinoo, chini ya barabara kuu. Muthoni alizaliwa upande huo na alikuwa amepita hapo mara nyingi bila kujua kwamba lile jengo lenye mabati ya kijani ni la nini. Mhudumu, mtu wa makamo aliyeitwa Thuo, aliwasikiliza, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaamua kwamba ni huzuni tu.

"Sawa mathe. Lakini msikae sana."

Alimtoa Shem, akafunua shuka mpaka mabegani. Macho yalikuwa yamefumbwa. Ngozi ilikuwa imefifia rangi, na juu ya nyusi kulikuwa na unyevu wa jokofu. Philister alimpangusa kwa upindo wa leso, kisha akaishika kompyuta juu ya kifua cha Shem, kamera ikiwa inautazama uso, naye Muthoni akabonyeza kitufe.

Taa ya kamera iliwaka. Kwenye kioo duara dogo lilianza kuzunguka, kama lilivyozunguka siku ile ya picha na siku ile ya kinyago. Muthoni alisubiri lile neno la kukataa. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kumwambia Philister, kwamba wamejaribu, kwamba sasa arudi nyumbani akapumzike.

Duara likasimama.

*Karibu, Shem.*

Kioo kikajaa picha ya Ivyne, binti yao, akicheka bila meno ya mbele.

Wote watatu walikuwa wakitazama kioo. Hakuna aliyekuwa akimtazama Shem. Walipogeuka kumtazama alikuwa vilevile, macho yamefumbwa.

"Imefanya nini?" Thuo aliuliza.

"Imefunguka," Muthoni alijibu, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Alinakili faili haraka, wakatoka wakaingia garini. Manyunyu yalikuwa yakigonga paa. Muthoni aliiweka kompyuta magotini akaanza kusoma kwa sauti, kwa kuwa Philister alimwomba asome kwa sauti.

"Kila moyo upigapo, damu hupanda usoni na ngozi hubadilika rangi. Badiliko hilo ni dogo sana, jicho la mtu haliwezi kuliona. Kamera inaweza. Mashine hii husubiri badiliko hilo kwenye paji la uso na mashavu. Pasipo damu kutembea, haifunguki, hata sura ikilingana kwa..."

Alitaka kurudi nyuma aisome sentensi hiyo kimoyomoyo, lakini ilikuwa imeshatoka.

Philister alikaa akitazama mbele. Kisha akafungua mlango wa gari akakimbia kwenye matope, viatu vikimvuka, akiita jina la mumewe.

*

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye umri wa Muthoni, Daktari Mwelu. Hakuwafokea. Alimpima Shem shingoni na kifuani, akamulika macho, kisha akaagiza mashine ya moyo iletwe kutoka wodini. Walisimama wote wakitazama mstari ukitoka kwenye karatasi. Ulinyooka kama uzi.

"Pole sana, mama," alisema. "Huyu ameenda. Ameenda tangu Jumapili."

"Na hii je, daktari?"

Philister aliinua kompyuta. Muthoni alikuwa ameizima. Akaiwasha tena. Duara likazunguka, likasimama, na Shem akakaribishwa.

Daktari Mwelu aliutazama uso wa Shem, kisha kamera, kisha akainua macho darini, kwenye taa ndefu nyeupe zilizokuwa zikipepesa kidogo.

"Ni taa," alisema. Ilikuwa wazi kwamba amefurahi kuipata sababu. "Hizi hupepesa. Mashine yenu inaona mwanga ukibadilika usoni inadhani ni damu. Thuo, zima."

Thuo alizima. Chumba kikabaki na mwanga wa dirisha, mwanga wa kijivu usio na uhai. Walijaribu tena. Duara lilizunguka muda mrefu zaidi kuliko mara zote, hata daktari akaanza kutikisa kichwa kana kwamba anasema, mnaona.

*Karibu, Shem.*

Thuo alitoka nje. Walimsikia akifungua mfereji na kunawa, na hakurudi.

"Labda ni kasoro tu," alisema daktari. "Vitu vya umeme hukosea."

"Picha haikukosea," Philister alisema. "Video pia. Hata kile kinyago. Ikosee kwa huyu peke yake?" Kisha akamgeukia Muthoni, na macho yake yalikuwa makavu. "Wakili, wewe ndiye utaweka sahihi. Ijumaa uende kwa serikali uandike kwamba mashine haidanganyi, halafu Jumamosi uje unisaidie kumfukia?"

Katika kazi yake Muthoni alikuwa amekutana na uvumbuzi uliofanya kazi na ule ambao haukufanya. Hakuwahi kukutana na ule ambao ukifanya kazi, basi mtu anazikwa akiwa hai.

Mwishowe ni daktari aliyepata njia. Shem asirudishwe kwenye jokofu. Alazwe kwenye chumba cha pembeni mpaka Alhamisi asubuhi, mkewe akitaka akae naye. "Mwili wenyewe utatuambia," alisema.

Philister alivuta kiti akaketi karibu na kichwa cha mumewe. Kompyuta akaiweka juu ya stuli, wazi, kamera ikimtazama Shem. Muthoni alipotaka kuichukua, alimzuia.

"Iache. Ni yake."

*

Jumatano Muthoni alishinda ofisini akiyaandika upya maombi. Alikuwa na nakala ya maelezo ya Shem, na yalikuwa maelezo mazuri, ya mtu aliyejua anachofanya. Chini kabisa kulikuwa na tamko la kawaida la kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli kadiri ajuavyo mwombaji. Alifika mahali pale akaenda dirishani. Chini watu walikuwa wakivuka barabara wakiwa wamekunja mabega kwa baridi, na akajikuta akiyatazama mapaji ya nyuso zao, akifikiria damu ikipanda na kushuka mle bila yeyote kuiona.

Ikiwa daktari yuko sahihi, mashine ni bure, na dai la kwanza ni uongo. Ikiwa Shem alikuwa sahihi... Hakuimaliza fikira hiyo. Alifunga ofisi mapema akaenda nyumbani, na huko pia hakukaa karibu na kioo cha kujitazamia.

Alhamisi asubuhi harufu ilimpokea kwenye ujia wa mochari kabla hajafika mlangoni. Daktari Mwelu alikuwa pale. Alifunua shuka bila kusema, akamwonyesha tumbo lilivyoanza kugeuka rangi ya kijani na vidole vilivyokwisha kuvimba. Hapakuwa na haja ya mashine yoyote.

"Mke wake ameona?"

"Ndiye aliyeniita."

Philister alikuwa nje kwenye mfereji, akinawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa umetulia.

"Nimeona," alisema. "Watu wa nyumbani wanakuja kesho asubuhi. Naenda ofisi ya hospitali kuweka sahihi ya kuutoa mwili. Wakili, nitolee kompyuta huko ndani, tafadhali. Mimi sirudi."

Daktari akaondoka naye. Muthoni alijifunika pua kwa skafu akaingia peke yake.

Kompyuta ilikuwa palepale juu ya stuli, imejizima, kioo cheusi. Aliikaribia kutoka nyuma, kwa sababu ambayo hakuweza kuieleza, akanyoosha mkono akifunge kifuniko. Kidole chake kiligusa kitufe kimoja. Taa ya kamera ikawaka.

Alirudi hatua nyuma haraka, akasimama kando kabisa, mgongo ukutani, ili uso wake usionekane. Mbele ya kamera hapakuwa na mtu mwingine ila Shem aliyekuwa ameanza kuoza. Duara lilizunguka kidogo tu. Safari hii halikusita hata kidogo.

*Karibu, Shem.*

Muthoni aliutazama uso ule juu ya meza. Alijilazimisha autazame muda mrefu. Kisha akakifunga kifuniko, akaifunga kompyuta ndani ya leso, na fundo akalikaza kuliko ilivyohitajika.

Hakumwambia Philister. Alimkuta ameketi kwenye benchi nje, akatafuta la kusema, lakini Philister akamtangulia.

"Kesho ndiyo Ijumaa. Utaandika nini?"

"Naweza kuiondoa hiyo sentensi ya mtu aliyekufa. Niandike tu kwamba inakataa picha na kinyago, kwa sababu hiyo tumeiona. Hakuna mtu atauliza zaidi."

"Lakini wewe utajua."

"Nitajua."

Philister alitazama mahindi ya watu yaliyokuwa ng'ambo ya ua, yamesimama kwenye ukungu.

"Usiipeleke," alisema.

"Mama Ivyne, hii ni jasho lake. Fikiria kwanza. Inaweza kumsomesha Ivyne hadi chuo kikuu."

"Nitamsomesha kwa kusuka watu. Usiipeleke, wakili. Nimekuomba."

Kazi ya Muthoni ilikuwa kuwatetea wavumbuzi, na hakuwahi kuacha siku ya mwisho ipite akiwa na maombi kamili mkononi. Lakini kompyuta ile ilikuwa magotini pake wakati huo, na alihisi uzito wake kupitia leso. Akasema sawa.

*

Ijumaa hiyo hakwenda ofisini. Alipanda basi la waombolezaji pamoja na ndugu za Shem, wakiufuata mwili, na saa ambayo ofisi za serikali hufungwa ilimkuta Kericho, abiria wakiimba tenzi na majani ya chai yakipita dirishani kijani kitupu. Alijua saa imefika bila kutazama mkono. Alitarajia ataumia. Alichosikia ni mwili kulegea tu, kama aliyeruhusiwa kutoka mahali.

Walimzika Shem Jumamosi mchana, nyumbani kwao Ugenya, mbele ya nyumba ya babake. Pasta alihubiri, shemeji za marehemu wakasema maneno yao, rafiki yake wa Luthuli akajaribu kueleza Shem alikuwa fundi wa namna gani, akashindwa katikati. Kisha udongo ukarudishwa, vijana wakipokezana majembe, mpaka kaburi likawa tuta jekundu lililochongwa vizuri kingo zake. Watu wakaanza kusogea kwenye turubai kulikokuwa na chakula.

Muthoni hakusogea. Alisema moyoni kwamba anasali. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na pumzi ameibana, na alikuwa akisikiliza. Alisikia sufuria zikigongana jikoni, jogoo, na mtoto akilia kwa usingizi. Kutoka chini hakusikia kitu. Akaendelea kusikiliza.

Alishtuka Philister alipomshika mkono.

"Umesikia kitu?"

Muthoni alifungua kinywa akatae kwamba alikuwa akisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Hapana."

"Mimi pia nimesikiliza."

Walisimama bega kwa bega. Kutoka kwenye turubai mtu alikuwa akiwaita.

"Ilifunguka tena," Philister alisema. Hakuwa akiuliza. "Ulipoenda kuichukua. Nilikuona vile ulitoka na hiyo leso."

"Sikutaka kukuongezea..."

"Wakili, nilikaa nayo siku mbili. Unafikiri ilifunguka mara ngapi? Ilikuwa ikijizima, mimi naigusa, inamkaribisha. Mwanzo nilifurahi. Nilimshika mkono nikamwambia, amka basi, twende nyumbani. Usiku wa pili harufu ikaanza. Nilikuwa namnusa mume wangu akioza, na hiyo kitu inamkaribisha. Tena mwisho ilikuwa ikifunguka haraka, hata haitafuti. Kama imemzoea."

Muthoni alivuta skafu mabegani, ingawa jua la Ugenya lilikuwa kali.

"Ndiyo ukasema nisiipeleke."

"Ndiyo. Shem nilimjua. Nimelala na huyo mtu miaka tisa, nimemnyoa ndevu akiwa mgonjwa. Aliyekuwa pale mezani Alhamisi hakuwa yeye." Aliliangalia tuta. "Sasa ile mashine sijui ilikuwa inamkaribisha nani. Na sitaki watu wengi wawe nayo nyumbani."

Akamvuta mkono, taratibu.

"Twende ukale," alisema. "Hujakula tangu jana."